Yule jamaa aliyesimamisha vifaru Beijing 1989: wangapi mnakumbuka alikanyagwa?

Kiberiti #1
Wakuu, heshima yenu.

Nimebishana na shemeji yangu hadi dada akaingilia kati. Mimi nakumbuka ile video ya Beijing vizuri kabisa: jamaa shati jeupe, ameshika mifuko, msururu wa vifaru unakuja. Kifaru cha mbele kinakwepa kulia, anahamia kulia. Kinakwepa kushoto, anahamia kushoto. Mwishowe kinampitia juu. Shemeji anasema huo mwisho haupo na haujawahi kuwepo. Tumetafuta mtandaoni, na kila video tuliyoipata inaonyesha watu wanakuja kumtoa barabarani.

Nikauliza wenzangu kazini bila kuwadokeza jibu. Wengi wao: "Alikanyagwa."

Sasa naomba kuelewa. Mtu mmoja kukumbuka vibaya ni kawaida. Kundi zima kukumbuka jambo lilelile ambalo halikutokea, hapo pana nini? Na kama ile video iliondolewa, iliondolewa lini?

Chura Mpole #2
Alikanyagwa. Mimi nilikuwa mdogo, nakumbuka mama alinifunika macho ilipofika hapo.

Naweka kambi huu uzi.

Mama Daftari #3
Hakukanyagwa. Tukio ni la 5 Juni 1989, siku moja baada ya jeshi kuwaondoa kwa nguvu waandamanaji kwenye uwanja wa Tiananmen, na lilitokea kwenye barabara ya Chang'an, karibu na uwanja wenyewe. Wapiga picha kadhaa walilinasa wakiwa kwenye vibaraza vya Hoteli ya Beijing. Picha inayojulikana zaidi ni ya Jeff Widener wa Associated Press.

Kwenye video jamaa anapanda juu ya kifaru, anaonekana kama anaongea na waliomo ndani, anashuka, anasimama tena mbele yake. Halafu watu wanakuja kumchukua. Hadi leo haijulikani alikuwa nani wala yaliyompata baada ya hapo. Huenda hilo ndilo linalowasumbua: hadithi haina mwisho, kwa hiyo kila mtu ameiwekea wake.

Kiberiti #4
Dada asante, ila hujanijibu. Kama kila mtu ameweka mwisho wake, mbona mwisho ni mmoja? Mbona hakuna anayekumbuka alipigwa risasi, au alikimbia mwenyewe?

Nukta #5
Mkuu, unachokiuliza kina jina: Athari ya Mandela. Jina lilitolewa na mwandishi wa Marekani, Fiona Broome, mwaka 2009 hivi. Alikuwa na hakika kwamba Nelson Mandela alifia gerezani miaka ya 1980. Anakumbuka mazishi kwenye televisheni, anakumbuka na hotuba ya mjane. Alipoongea na watu akakuta wapo wengi wenye kumbukumbu hiyohiyo. Na wakati huo Mandela alikuwa hai! Alitoka gerezani 11 Februari 1990, akawa rais 1994 hadi 1999, akafariki 5 Desemba 2013.

Maelezo ninayoyaamini mimi ni Steve Biko. Yeye kweli alifia mikononi mwa polisi, 12 Septemba 1977, na mazishi yake yalitangazwa dunia nzima. Kwa mtu aliye mbali na Afrika Kusini, anayesikia habari nusunusu, ni rahisi sana mwanaharakati mmoja kugeuka mwingine.

Jicho la Tatu #6
Mnaanza tena na maelezo ya darasani. Mwanafizikia Hugh Everett aliandika mwaka 1957 kuhusu dunia nyingi zinazokwenda sambamba. Mtambo wa kugonganisha chembe wa CERN, ile maabara kubwa ya fizikia Ulaya, ukawashwa 10 Septemba 2008. Mwaka uliofuata watu wakaanza kusema "mbona mambo sivyo tunavyoyakumbuka?" Unganisheni nukta wenyewe.

Kiberiti, wewe huna tatizo. Umetoka kwenye dunia ambayo alikanyagwa.

Pweza Mkavu #7
Na kwenye hiyo dunia nyingine Kiberiti anaelewana na shemeji yake?

Fundi Mitambo #8
#6 mkuu, tuende polepole.

Kwanza, miali kutoka anga za juu inagonga hewa ya dunia kila siku, na mingine ina nguvu kuliko chochote kilichowahi kutengenezwa CERN. Imefanya hivyo tangu dunia iwepo. Kama mgongano wa chembe ungekuwa unatuhamisha dunia, tungeshahamahama mpaka tuchoke.

Pili, Everett alikuwa anatafsiri hesabu za fizikia ya chembe ndogo. Katika tafsiri yake, matawi, yaani hizo dunia sambamba, ya ukubwa wa watu na vifaru hayarudi kukutana. Hakuna mlango wa mtu kupita na kumbukumbu zake mfukoni.

Tatu, ndiyo inayonichekesha: kwa nini dunia hizi zinatofautiana kwenye vitu ambavyo hatukuviangalia vizuri tu? Nembo, majina ya vibonzo, habari za nchi za mbali. Sijawahi kumsikia mtu aliyeamka akakuta mlango wa chumba chake uko ukuta mwingine.

Jicho la Tatu #9
Wapo. Hujawatafuta.

Karani Mstaafu #10
Vijana shikamooni ninyi kwa ninyi, mimi nimechoka kuitikia.

Naongeza kwenye #5. Biko ni maelezo mazuri lakini hayatoshi. Mwaka 1988 Mandela aliugua kifua kikuu gerezani akalazwa hospitali ya Tygerberg. Mwaka huohuo, 11 Juni, kulikuwa na tamasha kubwa uwanja wa Wembley, London, la kutimiza kwake miaka 70, likarushwa katika nchi 67. Sasa fikiria mtu asiyefuatilia siasa: anaona umati, nyimbo, picha kubwa ya mtu ambaye mwenyewe hayupo. Kisha anasikia ni mgonjwa. Akiulizwa baada ya miaka kumi, atasema nini? "Alikufa, niliona msiba wake."

Mimi wakati huo nilikuwa nasoma magazeti kila siku na sikuwahi kudhani amekufa. Ni suala la umbali.

Mama Daftari #11
Karani, shikamoo. Umenifungua jambo kuhusu huyu wa vifaru.

Alfajiri ya 4 Juni 1989, siku moja kabla ya tukio la yule jamaa, vifaru kweli viliwakanyaga watu mjini Beijing. Ilikuwa sehemu inayoitwa Liubukou, wanafunzi walipokuwa wanarudi kutoka uwanjani. Kuna waliokufa, na mmoja aliyepona, Fang Zheng, alipoteza miguu yote miwili. Habari ikasambaa duniani.

Kwa hiyo "kifaru" ni kweli, "Beijing" ni kweli, "kukanyagwa" ni kweli. Kilichobadilika ni nani. Habari ya kukanyagwa haikubaki na picha maarufu; picha maarufu ilikuwa ya jamaa mwenye mifuko. Akili ikavibandika pamoja. Kiberiti, hilo nadhani ndilo jibu la kwa nini mwisho wenu ni mmoja.

Kiberiti #12
Hili angalau lina uzito. Ila mimi sikumbuki *habari*, nakumbuka *video*.

Chura Mpole #13
Hata mimi. Naiona kabisa. Mama akanifunika macho.

Pweza Mkavu #14
Chura, alikufunika macho halafu ukaona nini? Ndani ya kiganja?

Chura Mpole #15
Hahaha mkuu niache. Niliona kupitia vidole.

Ngurumo ya Mbali #16
#12 hiyo ya "nakumbuka video" imechunguzwa, tena kwa njia ya akili sana.

Tarehe 4 Oktoba 1992 ndege ya mizigo ya El Al, Boeing 747, iliangukia majengo ya ghorofa Bijlmermeer, Amsterdam. Watu 43 walikufa. Hakuna kamera iliyonasa ndege ikigonga jengo. Televisheni zilionyesha moto na uokoaji tu. Miezi kumi baadaye wanasaikolojia wa Uholanzi, Crombag na wenzake, wakawauliza watu: je, uliiona kwenye televisheni ile filamu ya ndege ikigonga jengo? Zaidi ya nusu walisema ndiyo. Na wengi waliweza kueleza iligonga kwa pembe gani, na kama ilikuwa inawaka moto kabla ya kugonga.

Hakuna aliyekuwa anadanganya. Walishasikia, walishasoma, walishafikiria ilivyokuwa. Picha waliyojitengenezea kichwani ikapewa muhuri wa televisheni.

Mama Daftari #17
Na swali lenyewe lilikuwa na mtego. Ukimwuliza mtu "uliiona ile filamu?" umeshamwambia filamu ipo. Kiberiti, uliwauliza vipi wenzako kazini?

Kiberiti #18
Niliuliza: "Yule jamaa wa vifaru, alikanyagwa au hakukanyagwa?"

Mama Daftari #19
Basi neno la kukanyagwa umelileta wewe.

Kiberiti #20
Na la kutokukanyagwa pia. Nimetenda haki.

Tochi #21
Samahani navamia. Nina jaribio dogo. Someni orodha hii mara moja tu, msirudi nyuma:

kitanda, ndoto, uchovu, kuamka, shuka, kukoroma, mto, usiku, miayo, godoro, kupumzika, blanketi, kukesha, utulivu

Nitauliza swali baadaye. Endeleeni.

Kofia ya Babu #22
Nimechelewa. Tukiacha siasa, mimi yangu ni jamaa wa mchezo wa Monopoly. Kofia ndefu, sharubu, fimbo, na kile kioo cha jicho moja. Nimeambiwa kioo hakijawahi kuwepo. Siamini.

Sauti Kavu #23
Hana kioo. Mwenye kioo cha jicho moja ni yule karanga wa nembo ya kampuni ya Planters, naye ana kofia ndefu na fimbo. Umewachanganya.

Na Pikachu, yule wa vibonzo vya Pokémon, hana nyeusi kwenye ncha ya mkia. Nyeusi iko kwenye ncha za masikio. Na yule nyani Curious George hana mkia kabisa.

Kofia ya Babu #24
Nyani asiye na mkia ni nyani gani? Sasa mnanionea.

Fundi Mitambo #25
C-3PO, ile roboti ya dhahabu kwenye Star Wars, mguu wa kulia kuanzia goti kushuka ni wa rangi ya fedha. Tangu filamu ya kwanza, 1977. Nimeitazama tangu utoto na ningekula kiapo ni dhahabu tupu.

Nukta #26
Mmetaja karibu orodha yote ya utafiti. Deepasri Prasad na Wilma Bainbridge wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha kazi yao mwaka 2022. Walichukua picha 40 za nembo na wahusika maarufu, kila moja wakatengeneza na matoleo mawili ya uongo, wakauliza watu lipi ni la kweli. Picha saba zilitoa matokeo ya ajabu: watu walikosea, walikosea kwa kuchagua uongo uleule, na walikuwa na hakika. Saba hizo ni C-3PO, Curious George, jamaa wa Monopoly, Pikachu, nembo ya Volkswagen, Waldo (yule wa vitabu vya kumtafuta kwenye umati), na nembo ya nguo za Fruit of the Loom.

Kinachonivutia ni kwamba walishindwa kupata sababu moja ya zote. Walipima watu wanaangalia wapi kwenye picha, hakuna tofauti. Wakaangalia kama picha za uongo ndizo zimejaa mtandaoni, kwa sehemu kubwa siyo. Wakawaambia watu wachore wenyewe kutoka kichwani, na kosa lilelile likajitokeza bila kuonyeshwa chochote.

Kwa hiyo Kiberiti swali lako la #4 ni zuri kuliko watu walivyolichukulia.

Jicho la Tatu #27
Nilikuwa nasubiri mtu ataje Fruit of the Loom.

Nembo yao: tufaha, zabibu, majani. Maelfu ya watu wanakumbuka nyuma ya matunda kulikuwa na ile pembe iliyofumwa kama kikapu, matunda yanamwagika mdomoni mwake. Kampuni inasema haijawahi kuwepo. Sawa. Sasa nyie wa "akili inajaza mazoea", nielezeni: ni wapi mnayaona matunda kwenye pembe? Mtu anayajua matunda kwenye sahani, kwenye bakuli, kwenye kapu la kawaida. Kama akili ingekuwa inajaza mazoea ingejaza bakuli. Kuna watu wanasema kitu hicho kinaitwaje walijifunza kwa kuuliza wazazi wao kuhusu ile lebo ya fulana!

Maelezo ya Monopoly nayakubali. Tajiri, kofia, fimbo, kioo kinafuata. Hili la pembe mnalikwepa.

Nukta #28
Hatulikwepi. Hao watafiti wenyewe wamesema hivyohivyo, kwamba maelezo ya mazoea hayaitoshelezi nembo hiyo.

Sauti Kavu #29
Pembe hiyo imejaa kwenye michoro ya zamani ya Ulaya na kwenye mapambo ya sikukuu ya shukrani Marekani, na kila mara ina matunda mdomoni. Mmarekani aliyeiona tangu chekechea ana mazoea nayo. Nionyesheni mtu ambaye hajawahi kuona mchoro huo popote, halafu anaukumbuka kwenye fulana. Hapo nitakaa kimya.

Jicho la Tatu #30
Mimi hapa.

Sauti Kavu #31
Wewe umeshasoma nyuzi za Athari ya Mandela usiku na mchana. Huhesabiki.

Tochi #32
Haya, bila kurudi juu. Kwenye orodha yangu, yapi yalikuwepo: mto, sindano, usingizi, miayo, daraja?

Chura Mpole #33
Mto, usingizi, miayo.

Kofia ya Babu #34
Hayo hayo matatu. Rahisi hii. Usingizi ulikuwa kati ya usiku na godoro.

Pweza Mkavu #35
Mto na miayo. Usingizi nasita.

Kiberiti #36
Usingizi lilikuwepo. Bila shaka yoyote.

Tochi #37
Rudini #21 mkaangalie.

Kofia ya Babu #38
Umehariri.

Kiberiti #39
Amehariri huyu. Wasimamizi waangalie.

Tochi #40
Bandiko likihaririwa humu linaandikwa chini yake kwamba limehaririwa. Kuna maandishi hayo?

Kofia ya Babu #41
Hayapo. Basi wasimamizi nao wamo.

Tochi #42
Ni jaribio la James Deese la 1959, Roediger na McDermott wakalifufua mwaka 1995. Maneno yote yanazunguka neno moja ambalo lenyewe halipo. Watu walipoambiwa waandike waliyosikia, neno lisilokuwepo liliandikwa asilimia 40 ya mara kwenye jaribio la kwanza, 55 kwenye la pili. Tena wengine wanasema wanakumbuka kabisa sauti ya msomaji akilitamka.

Kiberiti, kila mmoja alisoma peke yake kwenye simu yake. Hamkuambizana. Na mmekosea neno moja, lilelile. Hakuna aliyesema daraja.

Kiberiti #43
Nimekusoma. Lakini orodha umeipanga wewe ili tuangukie hapo. Nani aliipanga Beijing?

Mama Daftari #44
Swali zuri hilo. Ningesema hakuna aliyeipanga, ila habari zilipangika zenyewe: risasi, damu, vifaru, mtu mmoja dhaifu mbele ya chuma. Kila neno linaelekea sehemu moja.

Karani Mstaafu #45
Mnanikumbusha Jean Piaget, yule Mswisi mchunguzi wa akili za watoto. Aliishi akikumbuka kwamba alipokuwa mtoto wa kusukumwa kwenye kigari, mtu alijaribu kumwiba barabara ya Champs-Élysées, Paris, na yaya akapambana naye hadi akapata mikwaruzo usoni. Aliyaona yote: umati, polisi mwenye joho fupi. Alipofika miaka kama 15 yaya akawaandikia wazazi barua ya toba. Alikuwa ametunga hadithi nzima, na akarudisha saa aliyopewa kama zawadi ya ushujaa wake.

Piaget alijua ni uongo, na picha kichwani haikufutika. Hilo ndilo linaloniogopesha kuliko mtambo wa CERN.

Kwetu tulikuwa ndugu wengi, na kuna kisa cha mmoja wetu kuanguka kisimani na kutolewa na jirani. Mimi nasema niliyeanguka ni mimi. Kaka yangu anasema ni yeye. Wazazi hawapo wa kuamua. Kila mmoja ana baridi ya yale maji mwilini.

Ngurumo ya Mbali #46
Karani, hilo nalo limeandikwa. Mwaka 2001 Sheen, Kemp na Rubin walichunguza mapacha wanaogombania kumbukumbu: kila mmoja anadai lilimpata yeye. Wakakuta ni jambo la kawaida kwa mapacha, na kwa ndugu wa kawaida na marafiki lipo pia.

Karani Mstaafu #47
Nitamtumia kaka. Atasema nimewalipa.

Mshumaa #48
Kwa wasomaji wa Biblia: Isaya 11:6 ni nani anakaa na mwana-kondoo?

Kofia ya Babu #49
Simba. Hii hata mtoto anajua.

Mshumaa #50
Mbwa-mwitu. Simba yumo kwenye aya hiyo, mwana-simba, ila yuko na ndama. Mamajusi watatu? Mathayo hataji idadi, anataja zawadi tatu. Tunda la Edeni kuwa tufaha? Halitajwi aina. "Jisaidie nami nikusaidie"? Haimo kabisa, tafuteni kuanzia Mwanzo hadi Ufunuo.

Jicho la Tatu #51
Asante kwa kunipa ushahidi. Simba na mwana-kondoo imebadilishwa. Watu wanaokariri maandiko wote hawawezi kukosea.

Mshumaa #52
Mkuu, watu wamepaka rangi simba na kondoo kwenye kadi, kalenda na madirisha ya makanisa kwa sababu wanapendeza. Waliokariri kalenda ni wengi kuliko waliokariri Isaya.

Fundi Mitambo #53
Na kwa wanaodhani wakubwa wamesalimika: George W. Bush, rais wa Marekani wakati huo, alisema hadharani Desemba 2001 kwamba asubuhi ya mashambulizi ya 11 Septemba aliiona kwenye televisheni ndege ya kwanza ikigonga mnara New York. Picha za ndege ya kwanza hazikurushwa asubuhi ile. Zilipatikana baadaye. Wapenda njama wakadaka: "alijuaje?" Wanasaikolojia wakasema: huyu amefanya walichofanya wananchi wake wengi.

Jicho la Tatu #54
Alijuaje?

Pweza Mkavu #55
Nilijua tu.

Nukta #56
Kiberiti, kingine kinachohusu swali lako la kundi. Roediger, Meade na Bergman walionyesha mwaka 2001 kwamba kumbukumbu inaambukiza. Wanaweka watu wawili wakumbuke picha pamoja, mmoja ni mtu wao kwa siri, anataja vitu ambavyo havikuwemo. Baadaye yule mwingine, akiwa peke yake, anavikumbuka navyo. Ukiongeza na kazi ya Nader na LeDoux ya mwaka 2000 kwenye panya, kwamba kumbukumbu ikiamshwa inalainika na lazima ihifadhiwe upya, unaona kwa nini kila ikisimuliwa inapata nafasi ya kubadilika.

Kiberiti #57
Sawa wakuu, nimesoma yote na nashukuru. Lakini angalieni mnachofanya. Mnanipa visa vya aina mbili na mnaviita kimoja.

Karani na kaka yake wanagombania nafsi zao. Piaget alisimuliwa na mtu mmoja. Maambukizi yanahitaji watu wakutane. Hizo zinaeleza jinsi mtu *mmoja* anavyokosea. Mimi nimeuliza kwa nini watu wasiokutana wanakosea *sawasawa*. Karibu na hapo wamefika wawili tu: Mama Daftari na habari ya Liubukou, na Tochi na orodha yake. Na zote mbili zinasema kitu kimoja, kwamba lazima kuwe na kitu cha kweli pembeni kinachovuta. Basi nionyesheni cha kweli kilicho pembeni ya mguu wa C-3PO.

Fundi Mitambo #58
Rahisi. Mwili wote uliobaki. Tena mguu wa fedha unaakisi dhahabu na mchanga wa jangwani, kwenye skrini unaonekana dhahabu. Macho hayakupewa nafasi.

Sauti Kavu #59
Hapo mkuu siyo kumbukumbu tena, ni macho. Umempa Kiberiti aina ya tatu.

Ngurumo ya Mbali #60
Na ya nne hii hapa. Bila kufungua ramani: Lima, Peru, na Miami, Florida. Upi uko mashariki zaidi?

Chura Mpole #61
Miami. Amerika Kusini iko chini ya Kaskazini, na Peru iko pwani ya magharibi kabisa.

Kofia ya Babu #62
Miami. Safari hii sinaswi.

Ngurumo ya Mbali #63
Lima. Iko nyuzi 77 magharibi, Miami ni 80. Bara zima la kusini limesogea mashariki sana kuliko tunavyodhani. Barbara Tversky aliandika mwaka 1981 jinsi akili inavyonyoosha ramani: mabara mawili yaliyo karibu inayapanga mstari mmoja, juu na chini. Hakuna aliyetuambukiza, hakuna ramani ya uongo tuliyoonyeshwa. Tunanyoosha kila mtu kivyake na tunafika palepale.

Jicho la Tatu #64
Ile bara ilisogezwa. Kuna nyuzi nyingi za watu wanaokumbuka ikiwa chini kabisa ya Marekani.

Sauti Kavu #65
Wanaokumbuka hivyo ni sisi sote, ndugu yangu. Ndicho alichosema.

Mgeni Mtulivu #66
Bandiko langu la kwanza humu, nawasalimu. Msitafute picha kwanza: sanamu ya Rodin, yule Mwanafikra aliyekaa uchi anawaza. Mkono umekaa wapi?

Kofia ya Babu #67
Ngumi, kwenye paji la uso.

Mama Daftari #68
Kidevu kimelalia mgongo wa kiganja. Mkono wa kulia.

Pweza Mkavu #69
Kiwiko kiko juu ya paja gani?

Mama Daftari #70
La kushoto.

Kofia ya Babu #71
Mkono wa kulia juu ya paja la kushoto? Nani anakaa hivyo? Jaribuni muone.

Chura Mpole #72
Nimejaribu hapa ofisini. Inawezekana ila mgongo unalalamika, na bosi ananiuliza kama naumwa.

Kiberiti #73
Mimi nilikuwa naandika "ngumi kwenye paji" nikaona Kofia ameniwahi. Sasa hii nayo muiweke aina ya ngapi?